Stepni

Gereji ya Wadi Kabir hufungwa saa nne usiku.
Ndipo Pirdadi huteremsha shata nusu,
akasukumia jeki ukutani,
na harufu ya mpira ikajibana kutupisha.

Jina tulilipata humo humo.
Nasriya ndiye aliyelitamka, anacheka.
Mama yake kazaliwa Ng'ambo:
kule walimwita Mmanga,
huku wanamwita Mzinjibari.
"Stepni," akasema. "Hawaikumbuki
mpaka wapate pancha."

Yeye kinanda. Pirdadi gitaa,
Mbaluchi anayehesabu mapigo kwa lugha ya bibi yake
na kuyakosea kwa Kiarabu.
Ngoma ni Thuwaini; mchana hupakia mizigo uwanja wa ndege,
anaapa kila sanduku lina sauti yake,
na la Dar, lililokazwa kwa kamba, ndilo tamu kuliko yote.
Mimi naimba. Mafua ya kiyoyozi
hayajaniacha tangu Ramadhani.

Besi alikuwa Anselmu, Mgoa, fundi wa breki.
Viza yake iliisha Jumatano.
Gitaa lake katuachia, limeviringishwa ovaroli.

Alhamisi tulipiga mkahawani, Al Khuwair,
wateja kumi na mmoja, pamoja na mwenyewe.
Hatukuweka mtu mahali pake.
Ilipofika zamu ya Anselmu
Thuwaini aliinua vijiti, akavishikilia juu,
tukayaacha mapigo manane yapite matupu.

Mzee mmoja karibu na mlango, chai mkononi,
aliendelea kugonga meza kwa kidole.
Hakukosea hata pigo moja.