Safu ya Pili

Gyumri, Februari. Wino umeganda,
hivyo nahesabu kwa kalamu ya risasi
pale taa zinaposimamisha magari.
Kazi yangu ni kuchungulia viti vya nyuma.
Mtoto kitini mwake: safu ya kwanza.
Mtoto mapajani: safu ya pili.
Mtoto wima katikati, anamsimamia baba usukani: safu ya tatu.

Kabla ya mabango, kumi na tisa katika mia.
Kisha kichanga kikatundikwa, kirefu ghorofa mbili,
kinacheka juu ya maneno: UMPENDAYE, MFUNGE.
Mkuu wetu alitokwa machozi siku ya kuzindua.
Baada ya mabango, ishirini na mbili.
Tulichemsha bahari, tukapata kijiko cha chumvi.

Lada nyeupe. Bibi Haykanush ashusha kioo,
mjukuu kafungiwa ndani ya koti lake, vifungo vyote.
"Waandika nini, kijana?" Nikamwambia.
"Mikono hii," akasema, "ilimfukua mama yake
chini ya kifusi, mwaka wa tetemeko.
Leo plastiki yajua kushika kunishinda?"
Taa ikawa kijani. Sikuwa na la kumjibu.
Nilichora mstari. Safu ya pili.

Jibu alikuwa nalo Zhanna, mkunga wa zamu ya asubuhi,
asiye na bango, mwenye viti sita vya kuazima.
Siku ya chanjo alimpa Haykanush mfuko wa unga,
kilo nne na nusu, uzito wa mjukuu siku hiyo.
"Mpakate, bibi. Mshike kama umshikavyo."
Mkwewe akaiwasha Lada, mwendo wa baiskeli,
uani mwa hospitali, akakanyaga breki.

Hakuna aliyesema neno.
Unga kwenye dashibodi, unga kwenye nyusi za mkwe,
na mikono ya Haykanush mbele yake, mitupu,
bado imeviringa umbo la kitu.

Aprili nikaiona tena ile Lada.
Mtoto kitini, mikanda imekaza. Bibi pembeni,
kiganja kifuani pa mtoto, juu ya mkanda,
kama mtu anayerudi kuutikisa mlango aliokwisha kuufunga.
Fomu haina safu ya hilo.
Nikaandika ya kwanza.

Ripoti ilisema thelathini na moja,
ikayashukuru mabango.
Unga ungalimo kwenye nyufa za ile dashibodi.