Mkasi wa Uzinduzi

Walikuja Juni, ukungu bado umeukalia Loleza,
vijana watatu na kopo la rangi nyekundu.
Wakachora alama ya kuzidisha kwenye baraza langu,
ingawa walichokuja kufanya ni kutoa.
"Mama, tunaingia mita moja na robo."
Mimi huhesabu kwa inchi. Nikavua tepu shingoni,
nikainama, nikapima upya mbele yao:
arobaini na tisa.
Wakacheka. Nami nikacheka, ila sikukosea.

Msiniulize kama nilipinga.
Nani Isanga angepinga barabara,
sisi tuliokuwa na ziwa mlangoni,
tukalibatiza Ngozi Ndogo,
halikauki hata Septemba?
Tumelivuka kwa matofali, kwa tairi la trekta,
kwa mgongo wa Lugano, mia mbili kila kichwa,
mpaka Jumamosi ile alipomwangusha bibi harusi.
Gauni nilishona mimi.
Nililifua mara tatu. Tope la Isanga halitoki,
hubadilika rangi tu.

Basi baraza likavunjwa. Jumanne, saa nne.
Kwenye ufa wa chini wakakuta sindano zangu,
kutu tupu, mamia,
miaka kumi na tisa ya kudondosha
na kusema nitaiokota kesho.
Msimamizi alizizoa kwa koleo
kama nywele za kinyozi.

Kisha vumbi. Kisha mtaro. Kisha vumbi tena,
kila kitenge nilichokata kikanuka saruji.
Taa ya kwanza iliwaka Alhamisi bila kutuaga.
Jogoo wa Ambilikile akawika saa tatu usiku,
akawika saa tano, akawika saa saba,
Jumapili wakamla na wali wa Kyela.
Tumpe akasogeza karai la chipsi chini ya nguzo,
watoto wa darasa la saba wakaja na madaftari
kusoma sehemu na harufu ya mafuta.
Wapenzi walihamia Sinde, kwenye giza lililobaki,
wakisema maendeleo yana macho.

Siku ya uzinduzi mapenenga yaliletwa,
viti vya kukodi, maturubai mawili,
moja lina tundu, ndilo tuliloketi sisi.
Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu.
Utepe ulikuwepo, umefungwa nguzo kwa nguzo.
Mkasi haukuwepo.
Mwenyekiti Mwasomola akaja mbio, kofia mkononi:
"Atuganile, nisitiri!"

Mkasi wangu haukati karatasi.
Haukati nywele wala kitunguu.
Marehemu mume wangu aliujaribu kwenye waya,
mara moja tu.
Nilitazama pale zilipokuwa arobaini na tisa zangu:
mfereji, mfuniko juu yake,
na mtoto wa watu amekaa juu ya mfuniko
anamenya parachichi kwa meno.
Nikasema, utepe ni kitambaa. Nitaukata.
"Lakini anayekata ni mgeni rasmi."
Basi nitamshika mkono.

Ndivyo picha ilivyotoka: suti, tabasamu,
na katikati ya vidole vyake laini
kidole changu chenye subana.
Kipande kilichoanguka nilikikunja, nikakitia kifuani
kabla hotuba haijaanza.
Nyumbani nikakipima.
Arobaini na moja.
Bado nadai nane.

Jana imenyesha usiku kucha, mvua ya mabati.
Asubuhi nimetoka na kikapu,
nikakunja kanga mpaka magotini,
nikavuta pumzi, nikaruka.
Nikatua pakavu. Nilikotoka nako pakavu.
Maji yalikuwa yanakwenda zao chini ya mfuniko,
yanaongea peke yao.
Ng'ambo, Lugano ameegemea bajaji yake mpya,
akapaza sauti mtaa mzima usikie:
"Mia mbili, mama!"