Kivuli Kwanza

Usianze na sabuni, Chande. Anza na kivuli.
Saa tano ya Kinondoni bodi inachemka kama kikaango,
tone likikaukia juu yake linaacha duara jeupe,
na duara hilo halisikii dua.
Sukuma, lisogee nyuma ya simtanki.
Weka kiganja kwenye boneti, subiri.
Ikiacha kukuchoma, tuongee.

Maji ya kisima chetu ni ya magurudumu tu.
Yana chumvi, hata chai inayakataa.
Kwa huyu mwekundu tunanunua madumu manne ya boza,
na Dokta Mwaselela analipa bila kuuliza bei.
Yeye huuliza jambo moja: "Hamjalikwaruza?"

Ndoo mbili. Moja ya povu, moja ya toba.
Kitambaa kikitoka mlangoni kipite toba kwanza,
kiteme mchanga wa Goba, ndipo kirudi kwenye povu.
Sabuni ya vyombo waachie mama ntilie:
inakula mafuta, na mng'ao nao ni mafuta.
Anza juu, shuka. Chini ndiko kuna uchafu wenye meno.
Kitambaa kikianguka, kimekufa.
Usikipulize, usikikung'ute pajani.
Kimekufa. Chukua kingine.

Kinyesi cha kunguru usikikwangue
(kunguru wa mji huu wanalijua gari la bei).
Kifunike na kitambaa chenye maji, hesabu mpaka mia,
kisha kiinue kama unavyomhamisha mtoto aliyelala.

Sasa paa.
Hapa ndipo vijana wa bomba la presha walipoharibu majina yao.
Hili si bati. Lina uzi, lina mshono,
na presha ikiupata mshono
wiki ijayo Dokta atakalia bwawa.
Mama yangu, Bi Mwanaheri, alifua kofia za viua
za waume wa watu, pale Magomeni Mapipa,
kwa brashi ya nywele za mtoto na povu la ncha ya kidole.
Alifuata uzi unakokwenda. Hakusugua, alibembeleza.
"Tundu moja likichanika," alikuwa akisema, "kichwa kizima kiko uchi."
Basi nawe hivyo. Uzi unakwenda mbele, nenda nao.
Kioo cha nyuma ni plastiki, laini kama ukucha wa mgonjwa:
maji na kiganja, basi.
Na paa lisikunjwe likiwa bichi, litaota kuvu mikunjoni.
Mwenyewe hulifungua Jumapili alfajiri tu,
kabla vumbi halijaamka.

Kukausha, bandika, bandua. Usifute.

Ah. Umeuona.
Hapo, chini ya mfuniko wa mafuta,
urefu wa njiti ya kiberiti.
Dokta anaamini gari lilishuka nao kwenye meli.
Hakuna cha meli.
Mwaka wangu wa kwanza kitambaa kilianguka,
nikakikung'uta pajani, nikakirudisha.
Niliusikia kabla sijauona:
sauti ndogo, kama mtu anayechana bahasha chumba cha pili.

Miaka sita sasa, kila Alhamisi, naupaka nta mara mbili.
Ameniachia bakshishi. Aling'oa jino langu bure.
Siku ya msiba wa mama alikuja kwa miguu toka lami,
viatu mkononi, maana kichochoro chetu
kinameza hata baiskeli.
Mara ngapi nimefungua kinywa mbele yake,
na si ndiyo kazi yake, vinywa?
Nikakifunga.

Huyo anakuja. Ona anavyozunguka, mikono nyuma,
anainama kama anatafuta tundu kwenye gego.
Nyamaza. Au usinyamaze, sijui.
Nipe kitambaa kikavu. Kile cha kijani.

Hapana, Chande. Hicho kimeanguka.