Maranda

Mara ya kwanza Somoe aliponiita
nilisema ni masika: mbao hunywa, huvimba,
na mninga ule aliuziwa ukiwa mbichi.
Nikapiga randa pembe ya juu, upande wa komeo.
Mlango ukafunga. Akanilipa kilo mbili za korosho.

Mara ya pili ilikuwa kiangazi,
vumbi la Newala limekaa hadi kwenye kope.
Mbao haivimbi kwa vumbi.
Nikapiga randa pembe ileile, kimya.
Nyuma ya choo nilikuwa nimeuona ufa,
mwembamba kama uzi wa kushonea kofia,
unatambaa kuelekea ukingoni,
pale nchi inapokatika ghafla
na jicho kuporomoka hadi Ruvuma.

Kisha akaja Fadhila Nanguka wa ofisi ya ardhi,
kompyuta kwapani, buti si zake.
Akasema: kipo chombo huko juu,
hakihitaji jua, wingu halikizuii.
Kila siku ya kumi na mbili hupita,
huupigia mteremko hodi,
husubiri mwangwi.
Mteremko ukichelewa kuitika karibu,
hata kwa unywele,
ujue umejongea mbali.

Akatufungulia picha. Ukingo wetu wote
una rangi za mafuta ya taa juu ya dimbwi,
pete ndani ya pete,
na bati la Somoe katikati ya ile nyekundu.
"Milimita kumi na tisa, tangu masika ya mwaka juzi."

Mimi maranda huwa nampa mke wangu awashie moto.
Ya mlango ule nilikuwa nimeyatia kwenye kopo la rangi,
ukiniuliza sababu sina.
Nikayapanga moja juu ya jingine,
nikayabana kwa kidole gumba, nikaweka rula.
Kumi na saba.
Kumi na nane, ukibana kivivu.
Fadhila hakucheka. Aliandika.

Somoe, aliyeteremka mlima ule kuchota maji
tangu shingo yake ikiwa haijazoea mtungi,
akauliza: "Na kikishajua, kitaushika usianguke?"
"Hapana, mama. Kinapima tu."
"Kumbe ni kama mashemeji zangu."

Lakini alikuwa ameshaanza kukunja mkeka.

Siku hiyo randa haikutoka mfukoni.
Nilifungua bawaba, skrubu sita,
moja ilikuwa imeota kutu, ikanichubua.
Nikaubeba mlango kichwani hadi kwa mdogo wake, Kitangari,
nikipumzika kila penye kivuli,
na watoto wakinifuata wakibisha hodi mgongoni mwangu.

Fremu nimeiacha palepale,
na alama zangu za penseli, tarehe tatu.
Fadhila ameiomba isiguswe.
Amesema bado ina kazi.