Pini ya Tatu

Plagi ina pini tatu, kama mafiga.
Mbili hubeba moto.
Ya tatu, ile ndefu, kazi yake ni kungoja
siku mambo yatakapoharibika.
Haya sikuyajua. Nimeuza ekstensheni miaka kumi na mmoja
hapa Mbale, barabara ya Naboa,
nikidhani ile ya tatu ni ya kusawazisha.

Aliyenifundisha ni Nabifo, msusi.
Aliingia Jumanne mchana, nywele zina majivu,
akaweka juu ya kaunta kitu cheusi kilichojikunyata
kama mkia wa panya uliochomwa.
Nilikitambua kwa kitufe chake chekundu: kilibaki kizima.
Nikajitayarisha kutukanwa.
"Mama Khainza," akasema, "naomba risiti.
Mwenye jengo anataka kujua nilinunua wapi."

Risiti haikuwepo. Sikumwandikia.
Ilikuwa elfu nane, tukapatana elfu saba,
nikamwongezea na mfuko.

Usiku ule nilifunga duka nikabaki ndani.
Nikachukua bisibisi, nikafungua mwenzake wa boksi lile lile.
Waya mbili tu, nyembamba kama uzi wa fundi viatu.
Nilipozikwangua, wekundu wa shaba ulitoka
kama rangi ya kucha,
chini yake chuma; sumaku ya spika mbovu ikazinasa.
Na pini ya tatu haikufungwa na kitu.
Imesimama pale, plastiki iliyopakwa fedha,
askari wa lango aliyepewa sare
asipewe hata filimbi.

Sasa sheria imekuja: bila cheti, hakuna kuuza.
Pasi, birika, balbu, chaja, vyote vipimwe kwanza.
Wandwasi wa duka la pili anafoka tangu asubuhi:
"Wanapima nini? Wanapima mfuko wangu!"
Simbishii. Mzigo wangu ulikaa bohari wiki sita,
na kodi ya chumba haijui habari za maabara.
Stika nazo zinauzwa. Nimeletewa,
roli zima ndani ya gazeti, kijana akitabasamu:
"Bandika mwenyewe, mama. Ni ile ile."
Nikaishika kwenye mwanga. Nzuri.
Nzuri kuliko ya kweli.

Mkaguzi alipokuja, binti mfupi, Apolot,
viatu vyake vina matope ya Namatala,
stika hakuitazama kwanza.
Aliipima plagi kiganjani kama mtu anayechagua parachichi,
akauliza, "Uzito wake uko wapi?"

Swali hilo halijatoka dukani.

Leo cheti kiko ukutani, ndani ya fremu,
kimeelekezwa mlangoni.
Wateja hawakisomi. Wanauliza, "Ya bei ya chini hakuna?"
Nasema hakuna.
Wengine huvuka barabara, nami nawaona wakirudi
na mfuko mweusi, wakiubana upande wa pili nisiuone.
Mmoja wao ni mwalimu wa Khainza.
Nilitaka kumwita. Nilikuwa na mteja.

Nanyi mnaosoma, msinisifu.
Maboksi ishirini na matatu ya mzigo ule wa zamani
dukani hayapo, ni kweli;
yako nyumbani, chini ya kitanda.
Kuyatupa siwezi: ni ada ya muhula mzima.
Kuyauza siwezi: ni Nabifo,
kila boksi Nabifo, amesimama na majivu yake
anaomba karatasi.
Basi nalala juu yake.

Juzi saa nane usiku nilisikia harufu.
Nikaamka, nikapapasa ukuta, soketi baada ya soketi,
kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto homa.
Zote zilikuwa baridi.
Nikachomoa hata redio.