Uzi wa Bluu

Getini pa Hospitali ya Mkoa, Dodoma,
nina kigoda, sindano mbili, na kapu la kofia
za vichwa visivyozidi chungwa.
Mteja hajamaliza salamu
nimeshamuuliza: wa kike au wa kiume?
Na kabla hajajibu mkono umetangulia.
Waridi kushoto. Bluu kulia.

Nani aligawa? Usinitazame mimi.
Nilizikuta zimegawanywa, kama mtu anavyokuta
njia ya mbuzi imekatiza shamba lake.
Bibi yangu kule Mvumi alinifunga kwa kaniki,
kipande cha ile aliyokuwa ameivaa,
na mdogo wangu wa kiume akarithi kipande hicho hicho
na harufu yangu ndani yake.
Babu, katika picha moja iliyobaki,
ana shanga shingoni, mstari juu ya mstari,
na nywele zimekandwa kwa udongo na mafuta.
Picha haina rangi. Bibi aliitia kwa mdomo:
"Hii nyekundu. Hii nyekundu. Na hii, ya maziwa yaliyoingia damu."
Hiyo ya mwisho, ukiniuliza leo, ni waridi.
Na babu alikuwa na wake wawili na ng'ombe arobaini.

Ninachokijua mimi si cha kitabuni:
ukigawa rangi, unauza kofia mbili.
Dada hampokezi kaka, kaka hampokezi dada,
mama anarudi getini na noti nyingine.
Hela hiyo nimeila. Imesomesha. Sijaitapika.

Mwaka mmoja bluu na waridi vilikatika Majengo,
nikafuma njano mwezi mzima.
Watoto wakatoka wodini kama vifaranga
na hakuna mama aliyebeba asiye wake.
Uzi ulipokuja, nikarudia pande zangu mbili.

Ndipo akaja Ndahani, fundi wa matofali huko Mtumba,
saruji bado kwenye nyusi,
akanunua bluu kabla mtoto hajazaliwa.
Ana mabinti wanne. Hakuomba punguzo,
alilipa kama mtu anayelipa ushuru ili kizuizi kiinuliwe.
Kesho yake alfajiri akarudi, kofia kiganjani.
"Nibadilishie."
"Amekataa kuvaa?"
Hakucheka. Waridi nilikuwa nimeishiwa,
nikamwambia hivyo, naye akasimama
akiipindua kofia nje ndani, ndani nje,
kana kwamba upande wa pili una jibu.
Akaondoka nayo.

Vumbi la Dodoma lina subira. Maji yetu ya chumvi pia.
Fua mara kumi, anika kwenye upepo wa Julai:
bluu inakuwa jivu, waridi inakuwa tofali,
na kwa mbali huwezi kuapa.

Januari hii alikuja tena. Mvi zimeanza, au ni saruji.
Amemshika mkono binti wa darasa la kwanza,
Nyemo, mapengo mawili,
shati jeupe, sketi ya bluu iliyonunuliwa kubwa
ili ifike darasa la tatu.
Nyuma yao wavulana wanakimbizana
na kaptura za bluu hiyo hiyo,
na sijasikia mzazi aliyekwenda kwa mwalimu mkuu
kusema nibadilishie.
"Sweta," akasema Ndahani.
Mkono wangu, mjinga, ukaenda kushoto.
"La shule, mama. La bluu."

Nikampima mabega. Mtoto akauliza
kwa nini kapu langu lina pande mbili.
Nilikuwa na pini mdomoni.
Nikaiacha hapo
mpaka walipovuka barabara.