Usizungushe

Mwaka ule mlundalunda ulichanua kupita miaka yote.
Watu wa Tutuo walishuka kwenye baiskeli zao za mkaa,
wakasimama katikati ya vumbi, shingo juu:
mti hauna jani hata moja, ni njano tupu,
kama mtu aliyevaa akiba yake yote siku moja.
Mungu fundi, walisema.

Mimi nilipita nikitazama tairi la mbele.

Nyanzobe muuza dawa alikuwa na sheria zake.
Uamkie kwanza: mwangaluka.
Si kwamba mti unasikia, alisema;
wewe ndiye unayesikia.
Anza upande linakochomoza jua.
Gome la kiganja kimoja. Paka tope palipo wazi.
Na usizungushe.
Hata kama anayeumwa ni mwanao, usizungushe.
Mti hunywa kwa ngozi;
ukiuvua mkanda mzima, umeuchinja.

Usiku huo Nyanzobe alikuwa Igalula, msibani.
Mihayo alikwenda kutafuta gari.
Mama alijikunja juu ya mkeka, tumbo limemshika,
akahesabu boriti za dari kwa sauti
hadi akaanza kuzikosea.

Nilikwenda na panga, tochi mdomoni.
Sikuuamkia.
Kiganja cha kwanza nilikipima vizuri, mashariki, kama nilivyofunzwa.
Cha pili nilisema ni cha akiba.
Cha tatu sikusema kitu.
Hofu haina kipimo.
Gome lilivuka taratibu
kama shati la mtoto aliyesinzia,
na chini yake palikuwa na unyevu, na baridi,
na mimi nikaendelea kulizunguka shina
mpaka panga likakuta pale lilipoanzia.

Maji yalichemka yakawa rangi ya chai ya msibani.
Mama akanywa, akakunja uso:
Chungu kama deni.
Alfajiri Mihayo akafika na lori la chama cha msingi,
tukampandisha juu ya marobota ya tumbaku,
tukaenda naye Kitete. Dripu tatu. Vidonge vyeupe na vya njano.

Akapona.
Nesi alisema ni dripu.
Shangazi alisema ni gome.
Mama alisema, Wagawane. Mimi nileteeni ugali.

Halafu ikaja Oktoba, na njano ile.

Nyanzobe aliuzunguka mti, kidole ndani ya kovu,
polepole, kama fundi anayetafuta mshono ulipofumuka.
Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hakugeuka.
“Nani aliumwa?”
“Mama.”
“Yuko?”
“Yuko.”
Akafunga upya kitenge chake.
“Maua haya ni ya kuaga,” alisema.
“Maganda yakikomaa, njoo na mfuko.”
Mpaka leo hajaniambia neno jingine juu ya jambo hilo,
na dawa ananiuzia kwa bei ileile.

Mwaka uliofuata ulisimama mkavu, kijivu,
maganda marefu yakigongana kwa upepo.
Kisha mtu akaukata kwa ajili ya bani lake.
Siku tatu moshi wa tumbaku ulipita juu ya nyumba yetu.
Nilifunga dirisha. Ulikuwa unaingia tu.

Kila Oktoba Mama huniambia:
Nipeleke nikauone ule mti wangu.
Macho yake sasa huona rangi, majani hayaoni.
Namwambia bado, Mama, haujachanua.
Mwaka huu umechelewa, anasema.
Umechelewa, nasema.

Mbegu kumi na nne. Mbili ziliota.
Moja aliila mbuzi wa Kashindye.
Iliyobaki iko nyuma ya jiko, ndani ya kopo la mafuta ya kula,
urefu wa kijiko,
na kila asubuhi Mama hupapasa ukuta hadi hapo
akaumwagia maji aliyooshea mchele.

“Mboga gani hii isiyokua?”

“Si mboga, Mama. Ni chungu.”

Anacheka, anauongezea maji.